Mhusika Anapohama Kitabuni Kwenda Filamuni: Mfano wa Ziwa Tanganyika

Kwa muda mrefu ufundishaji wa wahusika katika shule zetu umekuwa ufundishaji wa orodha. Mwalimu huandika ubaoni jina la mhusika, na chini yake sifa zake: ni jasiri, ni mlevi, ana huruma, ana msimamo. Mwanafunzi hunakili, hukariri, na siku ya mtihani huirudisha orodha ile ile kama alivyopewa. Hatusemi kwamba sifa hizo ni za uongo. Tunachosema ni kwamba orodha haimwonyeshi mwanafunzi jinsi mhusika anavyoumbwa, wala jinsi mtu wa jina lile lile anavyoweza kugeuka mtu mwingine mara anapotoka mikononi mwa msanii mmoja na kuingia mikononi mwa mwingine. Ni jambo hili la pili tunalotaka kulizungumzia, kwa kuwa tunaamini ndilo linalofundisha lile la kwanza.

Tulipotafuta mfano wa kutumia darasani hapa Buzebazeba, hatukuhitaji kwenda mbali. Kila mtoto wa Kigoma amesikia habari za meli ya Liemba. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikapewa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na kisha Kigoma kwa reli. Iliteremshwa majini mwaka 1915, vita vikiwa vimekwisha kuanza. Mwaka huo huo Waingereza walileta mashua mbili ndogo za injini, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town, zikapita kwa reli, zikavutwa milimani na kuelea mitoni, hadi zikafika upande wa Kongo wa ziwa letu. Mwandishi wa Kiingereza C. S. Forester aliuchota mkasa huo, akabadili majina na jiografia, akatunga riwaya yake The African Queen iliyotoka mwaka 1935. Mwaka 1951 John Huston aliitolea filamu kwa jina lile lile.

Jina hilo ni la mashua ya mvuke, kuukuu na mbovu. Ndani yake wamo watu wawili: Rose Sayer, dada wa mmisionari aliyefariki, na Charlie Allnutt, fundi wa mashua. Nia yao ni kuteremka mto hadi ziwani na kuilipua meli ya Kijerumani, Luise, ambayo ndiyo Götzen kwa jina la kubuni. Mto wenyewe Forester ameuita Ulanga, na wanafunzi wetu hucheka wasikiapo hivyo, kwa maana Ulanga waujuao wao uko Morogoro na maji yake huishia Bahari ya Hindi.

Sasa na tumtazame Allnutt. Katika riwaya yeye ni Mwingereza mnyonge wa London, mwenye lafudhi ya Cockney, lafudhi ambayo kwa msomaji wa Kiingereza wa 1935 ilitangaza tabaka la mtu kabla hajamaliza sentensi ya kwanza. Ni stadi wa injini lakini si mtu wa maamuzi. Rose ndiye anayeamua, yeye hutii, na utii wake una mizizi katika maisha yake yote ya kuamriwa na mabwana. Katika filamu nafasi hiyo ilichukuliwa na Mmarekani Humphrey Bogart. Lafudhi ya Cockney haikuwa yake, basi Allnutt akafanywa Mkanada.

Mtu aweza kudhani hilo ni jambo dogo. Kwa maoni yetu ndilo jambo kubwa kuliko yote, na tungependa walimu wakae nalo darasani kipindi kizima. Lafudhi ilipoondoka, iliondoka pamoja na tabaka. Mkanada wa Bogart hana bwana anayemwogopa. Ni mtu wa nchi nyingine, huru, mchafu kwa hiari yake, mlevi mwenye mzaha, anayewaiga viboko na nyani ili kumchekesha mwanamke. Akimtii Rose, mtazamaji huona mwanamume aliyeshindwa na mapenzi. Akitii yule wa kitabuni, msomaji huona mfanyakazi aliyepata msimamizi mwingine. Tendo ni lile lile, hata lile la Rose kummwagia pombe yake mtoni limo katika kazi zote mbili, ila maana yake imehama. Orodha ya sifa haiwezi kuuona uhamaji huu, kwa kuwa katika orodha zote mbili tutaandika kwamba Allnutt ni mlevi na mtiifu. Bogart alipata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo, wala hatuoni kwamba hakuistahili. Alimwumba mtu kamili. Bali hakumwumba mtu wa Forester.

Rose naye amebadilika, na yeye amebadilishwa zaidi na mwisho wa hadithi. Katika riwaya ana umri wa miaka 33. Katharine Hepburn aliyemwigiza alikuwa amekwisha kupita 40, na filamu inanufaika na ukavu wa mwanamke aliyedhani wakati wake umepita. Lakini tuangalie yanayomfika. Katika kitabu mpango wake unashindwa: dhoruba inaizamisha mashua usiku ule ule wa shambulio, wanakamatwa, nahodha Mjerumani hapati moyo wa kuwanyonga, anawakabidhi kwa adui chini ya bendera nyeupe. Luise inazamishwa baadaye na mashua za kivita za Waingereza, na Rose na Allnutt wanapelekwa pwani kama mizigo inayosumbua. Katika filamu mashua pia inazama, lakini wawili hao wanapelekwa kunyongwa, wanaomba nahodha awaozeshe kwanza, na mara tu baada ya ndoa Luise inaligonga gofu la African Queen na kulipuka. Wanaogelea kuelekea ufukoni wakiwa mke na mume, tena washindi.

Hapa ndipo wanafunzi wetu walipogawanyika, na hatukuwa tumelitazamia hilo. Wengi walisema Rose wa filamu ndiye jasiri zaidi. Tulipowauliza sababu, walijibu: kwa sababu alifaulu. Jibu hilo lilitushtua kidogo, kwani matendo ya Rose hadi usiku wa dhoruba ni karibu yale yale katika kazi zote mbili. Kama ujasiri wa mhusika unapimwa kwa mlipuko ambao hakuuwasha kwa mkono wake, basi sisi walimu tumewafundisha watoto kupima watu kwa bahati zao. Msichana mmoja alipinga wenzake. Alisema Rose wa kitabuni anahitaji ujasiri zaidi, kwa sababu yeye itambidi aishi na aibu ya kushindwa. Tulimwachia darasa aliongoze kwa dakika kadhaa, na mjadala ukawa bora kuliko uliotayarishwa katika andalio letu la somo.

Tuungame pia kosa letu. Mara ya kwanza tuliwaonyesha filamu kabla ya kuwatafsiria sura za kitabu, nasi hatukugusa historia kabisa. Matokeo yake ni kwamba baadhi ya watoto waliozaliwa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka bandarini waliandika kwamba meli ya Wajerumani ililipuliwa na mwanamke na fundi wake. Ukweli ni kwamba Mimi na Toutou ziliiteka Kingani tarehe 26 Desemba 1915, kisha chombo hicho kilichotekwa kikasaidia kuizamisha Hedwig von Wissmann tarehe 9 Februari 1916, lakini Götzen haikuzamishwa na adui yeyote. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwezi Julai 1916 karibu na mdomo wa mto Malagarasi, injini zikiwa zimepakwa mafuta mazito ili zisiharibike. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikabeba abiria na mizigo ya ziwa hili kwa miongo mingi. Kwa hiyo mwalimu wa Kigoma anayo matoleo matatu ya mhusika mmoja: Luise iliyozamishwa na mizinga, Luise iliyolipuliwa na gofu, na Liemba iliyokataa kufa. Darasa la London halina utajiri huo. Tunashauri somo lianzie bandarini, ndipo kitabu kifuate, na filamu iwe ya mwisho.

Liko jambo moja zaidi, nalo halibadiliki kati ya kitabu na filamu, na kwa sababu hiyo ni rahisi kulipita. Waafrika huonekana mwanzoni, watu wakichukuliwa na majeshi ya Kijerumani, kisha hutoweka. Filamu ilipigwa picha Uganda na Kongo, sehemu nyingine studioni Uingereza, na hata huko hakuna mwenyeji aliyepewa neno la uzito katika mkasa unaotokea kwao. Kitabuni mabaharia wawili wa Allnutt humtoroka mapema, na mwandishi hawafuati tena.

Tuliwapa wanafunzi zoezi la kuandika ukurasa mmoja juu ya mabaharia hao baada ya kutoroka. Wengine waliwarudisha nyumbani, wengine waliwaingiza jeshini. Mvulana mmoja hakuandika kitu hadi muda ulipokaribia kwisha, kisha akanyoosha mkono na kutuuliza kama Allnutt alikuwa amekwisha kuwalipa mshahara wa mwezi ule. Tulifungua kitabu pamoja naye kutafuta.