Komisioneri, unasimama upande gani?

Kuna kazi moja katika miji yetu ambayo watu wote wanaizarau, na watu wote wanaihitaji. Ni kazi ya komisioneri, yule mtu anayetafutia wengine nyumba ya kupanga. Leo sitasema juu ya yule wa mitaani, anayemtafutia kijana chumba kimoja. Nataka kusema juu ya ndugu yake mkubwa, mwenye viatu vinavyong'aa na simu mbili, anayepangisha mabiro katikati ya mji: nyumba za etaji, na zile nyumba za zamani zenye bustani, ambazo sasa zimetundikwa vibao vya makampuni. Mukitaka kumwona, nendeni katikati ya Lubumbashi siku yo yote ya kazi. Na ndugu zetu wa Kinshasa wanamjua vilevile huko Gombe.

Wengine wanasema: «Komisioneri hafanyi kazi. Anakula jasho la wengine.» Hayo si kweli, na kabla ya kumshitaki nataka kumtetea.

Komisioneri mwema ana kazi kubwa. Yeye anajua nyumba gani ina maji kila siku na nyumba gani inakauka mwezi wa kumi. Anajua kama mashini ya umeme inatosha jengo lote au inawasha taa za mlangoni tu. Anapima vyumba kwa mita, asimhesabie mpangaji ngazi na baraza kama kwamba angeweka meza zake pale. Zaidi ya hayo, anachunguza kama yule anayejiita mwenye nyumba ni mwenye nyumba kweli. Inchi yetu ina sheria tangu mwaka 1973: udongo wote ni mali ya Leta, na mtu anapewa haki ya kuutumia kwa karatasi inayoitwa sertifika. Komisioneri mwenye akili anauliza: «Sertifika iko wapi? Ina jina la nani?» Akikuta ndugu watatu wanashindania urisi wa baba, anamwambia mpangaji: «Tutafute pengine.» Kwa neno hilo moja amemwokoa mtu na taabu za miaka. Mtu wa namna hiyo amestahili mshahara wake, wala hakuna sababu ya kumnyima.

Basi shida ni nini? Shida ni hii: mara nyingi hatujui anamfanyia nani kazi. Mbele ya mpangaji anasema: «Mimi niko upande wako, nitamlazimisha mzee ashushe bei.» Halafu anamwendea mwenye nyumba na kusema: «Mimi niko upande wako, nitakuletea mtu wa kulipa vizuri.» Hao wawili hawaonani. Yeye anachunga sana wasionane, maana faida yake inakaa katika nafasi iliyo kati yao.

Tuchukue mfano, tupige hesabu pamoja. Mama mmoja, fundi wa kushona, amepata kazi nyingi, anataka biro ya vyumba viwili mjini. Mwenye nyumba anakaa mbali. Amemwambia komisioneri: «Nataka dola 800 kwa mwezi, na garanti ya miezi sita.» Komisioneri anamwambia mama: «Ni dola 900.» Mama analipa garanti 5.400, mwezi wa kwanza 900, na komisioni ya mwezi mmoja 900. Jumla dola 7.200. Kama angeambiwa kweli, angelipa 4.800, na 800, na 800, jumla dola 6.400. Tena kila mwezi feza inapita mikononi mwa komisioneri, naye anabakisha dola 100. Mwenye nyumba vilevile anamlipa 800 kwa kumpatia mpangaji.

Sasa tujumlishe alichopata komisioneri katika mwaka wa kwanza: 900 ya mama, 800 ya mwenye nyumba, 600 iliyozidi katika garanti, na 1.200 ya kila mwezi. Ni dola 3.500. Katika hizo, mama anajua 900 tu, na mwenye nyumba anajua 800 tu. Zile 1.800 zingine hakuna anayezijua. Feza ambayo hakuna mtu aliyekubali kuitoa inaitwa ginsi gani? Mimi ninajua jina moja tu: wizi.

Na siku mama anapohama? Anadai garanti yake 5.400. Mwenye nyumba anasema: «Mimi nilipokea 4.800.» Watu wawili wasio na kosa wanagombana, wanatukanana, wanapelekana kwa avoka. Komisioneri yuko wapi? Amebadili namba ya simu.

Ninajua majibu yao, maana nimeyasikia mara nyingi. Nitayajibu moja moja.

Jibu la kwanza: «Hakuna sheria juu ya kazi yetu.» Si kweli! Tangu mwezi wa tisa mwaka 2012 inchi yetu imo katika OHADA, umoja wa inchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara; leo ni inchi 17. Sheria yao ya biashara, iliyotengenezwa upya huko Lomé mwaka 2010, ina sehemu nzima juu ya mtu wa katikati katika biashara. Inasema kazi yake ni kukutanisha watu wanaotaka kupatana. Inasema sherti akae bila kufungamana na upande huu wala ule. Inamwagiza awape pande zote habari zote zinazofaa, ili wapatane kwa kujua wanalofanya. Angalieni neno hili: awape pande ZOTE habari ZOTE zinazofaa. Je, bei ya kweli si habari inayofaa?

Jibu la pili: «Hata Wazungu wanafanya hivi. Huko Marekani mtu mmoja anatumikia pande mbili.» Ndiyo, katika jimbo la California hilo linawezekana. Lakini mumesahau nusu ya habari. Huko komisioneri sherti ashinde mtihani na apewe ruhusa na Serkali. Na tangu mwaka 2015 hata yule wa mabiro na maduka analazimishwa kuandika katika karatasi upande anaosimamia. Akitaka kusimamia zote mbili, wote wawili sherti wajue na kukubali. Mumechukua ruhusa, mumeacha masharti. Ni kama mtu anayeiga daktari kwa kuvaa koti jeupe tu.

Jibu la tatu linanigusa zaidi, kwa sababu lina ukweli ndani yake: «Tuna watoto wa kulisha. Tunatembea wiki tatu juani, tunalipa gari, tunalipa simu, halafu mpangaji na mwenye nyumba wanapatana pembeni na kutunyima hata franka moja.» Ndugu, hilo ni kosa kweli, nami ninawasema wao pia. Mpangaji anayezunguka kupitia dirishani ili asimlipe aliyemwonyesha mlango ni mwizi vilevile. Ile sheria ya OHADA inamlinda komisioneri hapa: kama habari aliyoileta ndiyo iliyowapatanisha, komisioni ni haki yake. Basi dawa ya kuibiwa ni kuandika mapatano kabla ya kuanza kutembea. Kumwibia mtu mwingine si dawa.

Kuna ubaya mwingine tena, ambao katika mabiro unaumiza kuliko penginepo. Komisioneri anapata feza wakati mpangaji anapoingia. Mpangaji akikaa miaka kumi kwa amani, hapati kitu. Kwa hiyo wengine wanamnong'oneza mwenye nyumba: «Huyu analipa kidogo. Mtoe, nitakuletea kampuni ya migodi.» Mtu ametengeneza kuta, ameweka kibao, wateja wamezoea njia ya kwake, halafu anaambiwa atoke. Anayehama nyumba ya kulala anachukua vitanda vyake. Lakini anayehama biro anaacha nyuma wateja wake, na huo ndio mkate wake.

Hapa tena watu wanateswa kwa kutojua. Sheria ya OHADA inasema mpangaji wa mahali pa kazi, akiisha kufanya kazi yake pale kwa miaka miwili, ana haki ya kuomba kontra itengenezwe upya. Kama kontra ina mwisho wake, sherti aombe kwa njia ya sheria miezi mitatu mbele ya mwisho huo, asingoje siku ya mwisho. Mwenye nyumba akikataa bila sababu kubwa, sherti alipe hasara. Na sheria hiyo inatambua hata mapatano ya mdomo. Lakini mapatano ya mdomo utayashuhudia ginsi gani, kama shahidi wako ni yule yule komisioneri anayetaka utoke?

Basi nawaambia wapangaji: msilipe garanti kabla ya kumwona mwenye nyumba, au kusikia bei kwa kinywa chake mwenyewe. Ombeni kuona sertifika. Kila feza iwe na karatasi yake: ya kupanga mbali, ya garanti mbali, ya komisioni mbali.

Nawaambia wenye nyumba: msijifiche. Ninyi mnaokaa mbali na kusema «komisioneri anajua yote», mumemtia paka alinde samaki. Andikeni bei yenu katika kontra, mtie sahihi wenyewe.

Na wewe komisioneri, ndugu yangu, sikupigi vita. Ninakuuliza neno moja tu: unasimama upande gani? Kama ni upande wa mpangaji, sema. Kama ni upande wa mwenye nyumba, sema. Kama unasimama katikati, sema bei moja kwa wote wawili, na mshahara wako utaje mbele ya wote wawili. Utapata kidogo mwaka huu. Lakini mpangaji uliyemwambia kweli atakuletea ndugu yake, na ndugu yake atakuletea rafiki. Yule mwingine kila mwaka anatafuta namba mpya ya simu, na mji si mkubwa hivyo. Njia ya mwongo ni fupi.