Bakuli la Kaure



Wengi wetu wa Masisi na Walikale hatujaiona bahari kwa macho. Hata hivyo yafaa tujue habari za nyumba moja iliyo ufukoni mwake, maana ina fundisho kwa kila jamaa.

Mjini Mombasa ipo Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Baadaye ilifanywa gereza, na tangu mwaka 1960 ni makumbusho. Humo mgeni huona mabakuli na sahani za kaure kutoka Uchina. Vingine vilifukuliwa katika magofu ya pwani. Vingine vilitolewa chini ya maji, katika merikebu ya Wareno, Santo António de Tanna, iliyozama karibu na ngome hiyo mwaka 1697.

Mwenye haraka hulitazama bakuli, husema, “Ni zuri,” kisha hupita. Mwenye busara huuliza maswali matatu: Lilifanywa wapi? Lilikuja kwa njia gani? Nani alilitumia? Ndipo bakuli huanza kusema. Husimulia habari za wafinyanzi wa Uchina, za masoko ya Bara Hindi na Arabuni, za upepo wa kaskazi uliosukuma vyombo hata Afrika, na za Waswahili waliopenda kaure hata wakaipachika katika makaburi yao.

Basi, maswali hayo tuyalete nyumbani. Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, nchi ya Walikale, mzee Candi Rureke alisimulia na kuimba habari za shujaa Mwindo kwa siku 12, nazo zikaandikwa. Mwaka 1969 zilitolewa kitabuni kwa kazi ya Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene. Hivyo maneno ya mzee yangali yanasomwa hata leo.

Vita vimezihamisha jamaa nyingi za kwetu. Mama akimbiaye usiku humbeba mtoto. Kigoda cha babu na ngoma ya ukoo hubaki, pengine huungua. Lakini habari za kigoda zaweza kuchukuliwa kichwani na katika daftari.

Enyi wanafunzi, jioni moja mkalieni bibi karibu. Mwulizeni habari za chungu chake, kikapu chake, au wimbo aliofundishwa na mamaye. Ulizeni maswali yale matatu, andikeni jina la kitu kwa lugha yenu ya nyumbani, andikeni na tarehe. Nanyi wazazi, msione kwamba ni mchezo wa watoto: jibuni.