Mtaalamu Aliyegeuzwa Mtoa Data

Imekuwa ada kwa watungaji wa historia ya isimu ya Kiswahili kuianzia kwa Ludwig Krapf: alifika Mombasa mwaka 1844, sarufi yake ikachapishwa mwaka 1850, na kamusi mwaka 1882, baada ya kifo chake. Hufuata Edward Steere na kitabu chake cha 1870, kisha Kamati ya Lugha ya 1930. Wenyeji, iwapo wanatajwa, huitwa watoa data. Kuipanga historia hivyo ni kuamua ni nani anayestahili kuitwa mtaalamu, na uamuzi huo umepokewa vyuoni bila kuhojiwa.

Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, anatosha kuupinga. Ndiye aliyezikusanya tungo za Muyaka bin Haji kutoka kwa watu wa Mombasa waliozihifadhi vichwani, miongo kadhaa baada ya mshairi kuaga dunia. Alizinakili kwa hati ya Kiarabu, akafafanua maneno yaliyokwisha kufifia na kueleza visa vilivyozaa tungo hizo. (Jina lake limekuwa kejeli kwa wasiotaka kumjua.) Kazi kama hiyo ikifanyika Berlin huitwa filolojia, ilipofanyika Mombasa iliitwa usaidizi.

Karatasi zilipitia mikononi mwa mmisionari W. E. Taylor, aliyeshirikiana naye. Diwani ilipochapishwa Johannesburg mwaka 1940, mhariri alikuwa William Hichens.

Huenda ikadaiwa kwamba Sikujua hakuandika sarufi. Hoja hiyo haina mashiko. Historia ya isimu ya Ulaya huwatengea wataalamu wa Alexandria sura nzima, na kazi yao kubwa ilikuwa nini ila kusahihisha na kufasili matini za Homer? Sarufi yenyewe ya Kigiriki ilichipuka katika ufasili huo. Kipimo kinachowaingiza hao historiani hakiwezi kugeuka ghafla kinapofika pwani ya Kenya. Kwa kipimo hicho hicho hana budi kuingia pia Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyewanakilia miswada Alice Werner, Hichens na Ernst Dammann, na ambaye hutajwa zaidi kwa uzuri wa mwandiko wake kuliko kwa elimu yake.

Mohamed Hassan Abdulaziz alipoandika juu ya Muyaka, katika kitabu chake cha 1979, aliirejelea miswada iliyotokana na kazi ya Sikujua. Ingali London, imeorodheshwa kwa jina la Taylor.