Mahekalu Sita kwa Siku Moja? Acheni Uongo!

Ndugu zangu waandishi, leo sina shairi. Nina ugomvi, na nimeuweka kifuani muda mrefu mpaka umeanza kuchacha.

Kila anapotokea kijana wetu akapata bahati ya kufika Japani, iwe kwa mafunzo, kwa masomo au kwa kuitwa na ndugu, hukosi kuletewa makala yake. Na makala yenyewe ni ile ile, jina la mwandishi tu ndilo hubadilika. Alidamka alfajiri, akapanda treni kwenda Kyoto, mji mkongwe wa mahekalu. Akaona Kiyomizu-dera. Halafu akaona Sanjusangen-do. Halafu Ginkaku-ji, halafu Nanzen-ji, halafu Kinkaku-ji la dhahabu, halafu Ryoan-ji. Jioni akarudi, kachoka lakini kafurahi. Mwisho wa makala. Hapo msomaji wa Manzese anatakiwa apige makofi. Kwa lipi?

Mimi nasema hivi: anayepanga kuona mahekalu sita ya Kyoto kwa siku moja hajapanga safari, kapanga orodha. Na mwandishi anayetuletea orodha hiyo akaiita makala anatudanganya, maana hakuona hayo anayodai kaona. Najua ninachosema. Nami nimewahi kuwa mwongo wa aina hiyo, na nitafika huko.

Kwanza tupige hesabu, tusije tukaambiwa tunapayuka. Mahekalu mengi ya Kyoto hufungua malango kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi, na ikifika saa kumi na moja jioni yamefungwa. Haya, jipe saa tisa. Kiyomizu-dera liko mlimani, mashariki. Ginkaku-ji liko kaskazini-mashariki. Kinkaku-ji na Ryoan-ji yako kaskazini-magharibi, ng'ambo ya mji mzima. Basi kutoka stesheni kuu hadi Kinkaku-ji hula kama dakika arobaini, na hapo barabara imekuonea huruma. Mahekalu sita yana safari tano katikati yake; zipe saa tatu zote pamoja. Toa saa moja ya kula na kupanga foleni. Zimebaki saa tano, gawa kwa sita, unapata dakika hamsini. Na ndani ya hizo hamsini kuna kutembea kutoka kituo cha basi, kukata tiketi, kuvua viatu, kuvaa viatu, kupiga picha na kutazama saa. Hasa kutazama saa.

Wenyeji wenyewe hesabu hizo zimewafika shingoni. Kwa miaka mingi mji wa Kyoto uliuza tiketi ya basi ya siku nzima: unalipa mara moja, unapanda mpaka utosheke. Watu wa orodha waliipenda kupita kiasi. Mabasi yakajaa wageni na masanduku yao, wakazi wakawa wanakosa pa kuweka mguu. Mwishoni mwa Septemba 2023 mji ukaacha kuiuza tiketi hiyo, na baada ya Machi 2024 haikutumika tena. Mwaka huo huo wa 2024, wakazi wa Gion, mtaa wa nyumba za chai na mageisha, wakaweka mabango ya kuwakataza watalii kuingia vichochoro vyao vya binafsi.

Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kyoto mgeni kaja na mwenyeji ndiyo kwanza anaugua. Na mgeni mwenyewe wa siku moja hata halali pale, kwa hiyo ile kodi ya malazi ambayo mji umeitoza tangu Oktoba 2018 haimgusi. Anajaza basi, anapiga picha, anaondoka. Halafu anaandika kwamba watu wa kule ni wakarimu sana!

Sasa niseme yangu, nisije nikaonekana nawasema wenzangu tu.

Nilikuwa Osaka kwa mafunzo ya wiki sita. Kutoka pale hadi Kyoto ni kama nusu saa kwa treni ya haraka. Nilikuwa na Jumapili moja tu ambayo ilikuwa yangu mwenyewe. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikaa na ramani na kalamu nyekundu, nikazungushia mahekalu sita. Nikajiona mjanja. Kesho yake nilifika matano. La sita nililikuta lango linafungwa, nikapiga picha ya lango. Nilirudi bwenini na tiketi tano mfukoni na miguu imevimba.

Nilipofika nyumbani, mama alinikalisha mkekani akataka habari. Mama yangu hajapata kuvuka Chalinze. Aliniuliza swali moja tu: "Huko kwenye nyumba zao za ibada, mwanangu, wakiomba huwa wanasema kwa sauti au kimoyomoyo?"

Nikanyamaza. Nilikuwa nimeingia nyumba tano za ibada kwa siku moja, na sikujua. Sikumbuki kama nilimwona mtu hata mmoja akiomba. Nikampa picha. Akazitazama zote kwa adabu, moja moja, akanirudishia, akaenda kutazama wali wake jikoni. Sijapata kuaibika vile maishani.

Hebu niwaeleze mojawapo tu ya yale niliyoyapita. Ryoan-ji kuna ua wa changarawe nyeupe, kama mita 25 kwa 10, na ndani yake mawe 15. Yamepangwa hivi kwamba ukikaa barazani, popote utakapokaa, kuna jiwe moja au zaidi limejificha nyuma ya jingine. Ukisogea, lile linajitokeza, hili linapotea. Mimi nilisimama dakika kumi. Nikahesabu mawe, nikapata 14. Nikahesabu tena, 14. Nikadhani nimekosea, nikatazama saa, nikakimbilia basi nimenuna. Haya, chekeni. Mahali penyewe palikuwa pananiambia usoni kwamba hakuna binadamu anayeona yote kwa mara moja, nami nikaondoka na hasira kwa kuwa sikuona yote!

Na kinachoniuma zaidi ni ile baraza. Baraza ya mbao, watu wamekaa wametulia, hakuna anayemuuliza mwenzake kakaa pale tangu lini. Sisi watu wa barazani! Sisi tunaojua kukaa tangu alasiri hadi magharibi bila kazi na bila kuona haya! Tunafika kwenye baraza yenye jina dunia nzima, tunasimama wima kama tunasubiri daladala.

Kuna na jingine. Hekalu hilo la utulivu lilianzishwa mwaka 1450 na mtu aitwaye Hosokawa Katsumoto. Huyu hakuwa mcha Mungu wa kujifungia pangoni. Alikuwa mkuu wa majeshi, na mwaka 1467 yeye na mkwewe Yamana Sozen waliongoza pande mbili za vita vya Onin, vilivyokwenda mpaka 1477 na kuuacha mji wa Kyoto majivu. Hata Ryoan-ji lenyewe liliungua, likajengwa tena baadaye. Chanzo kimojawapo cha vita kilikuwa ni nani atamrithi shogun, Ashikaga Yoshimasa. Na Yoshimasa, mji wake ulipokwisha kuungua, alifanya nini? Mwaka 1482 alianza kujijengea makazi ya mapumziko penye vilima vya mashariki, ndiyo leo Ginkaku-ji, Hekalu la Fedha, ambalo fedha yenyewe halikupata kupakwa. Babu yake, Yoshimitsu, ndiye aliyelianzisha lile la dhahabu, Kinkaku-ji, mwaka 1397.

Mnaona? Babu, mjukuu na jemadari. Mahekalu matatu, na katikati yake mji mzima umeungua. Mshikaji wa orodha kayapita yote matatu kwa siku moja na hakujua kwamba yanajuana. Mimi pia sikujua. Nimekuja kuyasoma baadaye, kitabuni, nikiwa nimejilaza kitandani kwetu. Lakini ule usiku wa kalamu nyekundu ningeweza kuusoma ukurasa huo huo! Muda nilikuwa nao. Niliutumia kuzungushia duara.

Na hilo la dhahabu ambalo kila mtu analipiga picha, silo lile la Yoshimitsu. Lile liliteketezwa kwa moto tarehe 2 Julai 1950 na mtawa kijana aliyekuwa akisoma pale pale. Lililopo leo lilijengwa upya mwaka 1955. Mwaka 1956 mwandishi Mishima Yukio akatoa riwaya juu ya moto huo. Naomba mlitazame vizuri jambo hili, ninyi mnaotaka kuwa waandishi: mji una mahekalu kama elfu moja na mia sita, naye akachukua moja. Moja! Na likamtosha kwa kitabu kizima.

Najua majibu yenu. Mtaniambia, "Wewe unasema kwa kuwa umeshakwenda. Sisi akina yakhe siku moja hiyo ndiyo tuliyopewa, hatutarudi tena. Mzungu aliyestaafu ana wiki mbili. Acha tuone vingi tuwezavyo." Hoja hiyo naiheshimu, kwa sababu inatoka tumboni. Lakini ni hoja ya mtu mwenye njaa aliyealikwa harusini akalamba kila sinia asile hata moja. Mwenye wiki mbili anaweza kupoteza siku. Wewe mwenye siku moja ndiye usiyeruhusiwa kuipoteza ndani ya basi. Mtaka yote hukosa yote, na safari hii nauli ni ya kwako.

Mtasema pia kwamba nyumbani watatuuliza: "Ulikwenda Kyoto usione la dhahabu?" Ndiyo, watauliza. Mwambie hukuona. Kwani ni deni? Kumbe tunakwenda mbali kote huko kwa kuogopa maswali ya watu wa vijiweni!

Kuna hekalu moja Kyoto, upande wa magharibi, ambalo limewajibu watu wa orodha vizuri kuliko mimi. Linaitwa Saiho-ji, na wengi hulijua kama hekalu la kuvumwani, maana bustani yake imefunikwa na kuvumwani za aina zaidi ya mia. Wageni walipozidi, mwaka 1977 wakafunga mlango wa kuingia ovyo. Toka hapo huwezi kufika tu ukalipa ukaingia. Sharti uombe kabla, upewe siku na saa. Na desturi yao, ukishafika, hukimbilii bustanini. Unakaa chini, unapewa kalamu ya brashi na karatasi, unanakili maneno ya sutra, herufi kwa herufi. Ukimaliza ndipo unakwenda kutazama.

Sisi tuna msemo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Saiho-ji wanakupa jembe siku ile ile ya kwanza, na jembe lenyewe ni kalamu! Sasa nambieni, mwandishi gani kijana atasoma habari hiyo asisimkwe? Na ni wangapi kati yetu wamelitia hekalu hilo kwenye mpango wao? Hawalitii, maana linakula asubuhi nzima na haliingiliani na ratiba.

Basi huu ndio mpango wangu, ukipata bahati hiyo. Chagua hekalu moja, wiki nzima kabla ya kwenda. Lisome: nani alilijenga, alikuwa akigombana na nani, liliungua lini. Kama ni Saiho-ji, omba nafasi mapema. Kama ni Ryoan-ji, kuanzia Machi hadi Novemba lango hufunguliwa saa mbili asubuhi. Uwe umesimama hapo. Kama ni Kiyomizu-dera, wao hufungua saa kumi na mbili alfajiri, na saa hizo watu wa orodha bado wanapiga mswaki. Kamera iache ndani ya mkoba saa nzima ya kwanza. Kaa. Ukichoka kukaa, endelea kukaa. Hapo ndipo jicho linapoanza kazi. Ukitoka, tembea kwa miguu katika mtaa ule ule, ule chakula pale pale, uone anayefagia majani na namna anavyoyafagia. Kisha andika kabla ya kupanda treni, wakati mikono bado inanuka ubani.

Mahekalu mengine yaache. Yamekusubiri miaka mia tano, yatakusubiri tena, na usiporudi atakwenda mwanao.

Kwa wahariri wetu nina ombi: ikija tena makala ya mahekalu sita kwa siku moja, irudisheni kwa mwenyewe. Mwambieni achague moja, atuandikie hilo. Akishindwa kupata kurasa mbili juu ya hekalu moja alilolipita kwa miguu yake mwenyewe, basi tujue hakufika.

Na wewe utakayekwenda, nifanyie hisani moja. Ukikaa pale barazani, sikiliza wanavyoomba, kama ni kwa sauti au kimoyomoyo. Ukirudi nambie. Mama bado sijamjibu.