Halingi: Kichwa Kimekingwa, Meno Je?

Safari hii tunauzungumzia mchezo wa mbali. Familia zilizowahi kuishi jirani na mapadre au masista kutoka Ayalandi huenda zimewasikia wakiutaja: halingi, ambao wenyewe huuandika "hurling". Sisi wauguzi tukitazama mchezo wowote huanza kuhesabu viungo vinavyoweza kuumia, na kwa halingi hesabu hiyo ni ndefu.

Kwanza tuueleze. Timu mbili, kila moja ikiwa na wachezaji 15, hukutana katika uwanja wenye urefu wa meta 130 hadi 145, yaani mrefu kuliko ule wa kandanda. Kila mmoja ana fimbo ya mbao ambayo mwisho wake ni bapa na mpana, mfano wa mwiko mkubwa. Mpira ni mdogo wa kujaa kiganjani, umevikwa ngozi, na una uzito wa gramu 110 hadi 120. Mchezaji anaweza kuupiga ukiwa chini au hewani, kuudaka, kuupiga kwa kiganja au kwa teke. Lakini haruhusiwi kuuokota chini kwa mkono. Sharti aunyanyue kwa fimbo. Akiwa nao mkononi asizidishe hatua nne. Akitaka kukimbia zaidi, huuweka juu ya bapa la fimbo na kukimbia nao kama watoto wanavyokimbia na yai kwenye kijiko, huku wenzake wakimsukuma bega kwa bega, jambo ambalo ni halali.

Goli lina nguzo mbili ndefu na mwamba kati yake. Mpira ukipita chini ya mwamba ni goli, lenye thamani ya pointi 3. Ukipita juu ya mwamba ni pointi 1. Basi ukiona imeandikwa 2-15, ujue ni magoli 2 na pointi 15, jumla 21.

Chama kinachousimamia kiliundwa mwaka 1884 katika mji wa Thurles, na tangu mwanzo kilijengwa juu ya parokia. Kijana huchezea klabu ya parokia yake, na halipwi mshahara hata akifika fainali mbele ya watu 80,000 katika uwanja wa Croke Park mjini Dublin. Jumatatu anarudi darasani kufundisha au shambani kukamua ng'ombe. Akivunjika taya, ni taya la mtu mwenye kazi nyingine.

Mpira huo ukipigwa barabara huweza kuvuka kilomita 150 kwa saa. Na zaidi ya mpira kuna fimbo zenyewe, ambazo huinuliwa pamoja mpira unapogombewa juu. Hata hivyo, tangu helmeti zilipoanza kuonekana viwanjani mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa miaka kama 40 wachezaji wakubwa waliachiwa wachague wenyewe. Wengine walilalamika joto, wengine walisema haioni vizuri macho yakiwa nyuma ya wavu, na watazamaji walitaka kuziona sura za mashujaa wao. Sababu hizo zote hatuzidharau, ila jicho lililopasuka halishonwi likarudi kama lilivyokuwa. Chama kilianza na vijana, na kuanzia Januari 2010 kila mchezaji, pamoja na golikipa, ni lazima avae helmeti yenye wavu wa chuma wa kukinga uso, mchezoni na mazoezini pia. Tunaunga mkono kabisa. Kijana wa miaka 20 aliyeachiwa achague, atachagua kama wenzake walivyochagua.

Tusichokielewa ni habari ya meno. Katika kandanda ya Waairishi, mchezo wa chama hicho hicho ambao hauna fimbo hata moja, kinga ya meno ni lazima kwa wote tangu Januari 2014. Katika halingi si lazima. Najua watasema wavu unatosha. Wavu huzuia kinachotoka mbele, ndiyo, lakini kiwiko au bega likimpiga mtu chini ya kidevu, meno ya chini huyagonga ya juu kwa nguvu, na wavu hauna la kufanya hapo. Kipande cha plastiki mdomoni kingesaidia, na bei yake ni ndogo kuliko jino la bandia.

Mikono nayo imebaki wazi. Mkono unaoinuka kudaka huingia katikati ya fimbo, na vidole huvunjika. Glavu zipo, lakini wengi hawazipendi kwa kuwa hupunguza hisia ya mpira. Hapa hatudai sheria. Mdakaji anajua kazi yake. Tunadai tu kwamba kidole kilichovimba kipigwe picha ya eksirei badala ya kuvutwa pale pale na kocha.

Na jino la ukubwani liking'oka, lishikwe upande wa kutafunia, kamwe si kwenye mzizi. Kama lina uchafu lisuuzwe kidogo bila kusuguliwa, lirudishwe tunduni mwake, au likishindikana litiwe kwenye maziwa, na mgonjwa apelekwe kwa daktari wa meno ndani ya saa moja. La utoto lisirudishwe.