Tableti Haina Pua

Leo sikuja na programu mpya wala mbinu ya kuharakisha kompyuta yako. Leo nimekuja na ugomvi. Nagombana na wale wanaoamini kwamba ukishamkalisha mtoto mbele ya kioo kinachong'aa basi umemfundisha, na ili tusizunguke sana nauleta ugomvi wangu kwenye somo moja tu la madarasa ya chini: ubongo na milango ya fahamu.

Kwanza tukumbushane. Mwaka 2013 serikali iliyokuwa ikiingia madarakani iliahidi laptopu kwa kila mtoto anayeanza darasa la kwanza. Zabuni ikazongwa na kesi, miaka ikapita, na kufikia 2016 laptopu zilikuwa zimegeuka tableti (najua, wenye lugha yao husema vishikwambi). Zikaenda pamoja na kompyuta za walimu, projekta na seva ndogo ya kuhifadhia masomo. Kwa jumla vifaa zaidi ya milioni 1 viligawiwa katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000. Mimi sina neno na vifaa, ndivyo vinavyonilisha. Neno langu ni juu ya kilichotiwa ndani yake.

Niliwahi kuitwa na shule moja hapa kisiwani, jina nalihifadhi, nikawatazamie tableti zilizokataa kuwaka. Nilipomaliza, mwalimu akafungua somo la hisi. Mtoto anagusa picha ya pua, pua inacheza, sauti inamwambia kwa Kiingereza kwamba pua hunusa. Anagusa sikio, sikio linacheza. Anagusa ubongo, ubongo unamkonyeza (ubongo wenye macho, jamani!). Makofi, nyota tatu, somo limekwisha. Na dirisha la darasa lile li wazi, upepo unaingia na harufu ya bizari na iliki kutoka upande wa Marikiti, nje muuza kahawa anapita na dele lake akigonganisha vikombe, wala hakuna mtoto hata mmoja aliyeulizwa: unasikia harufu gani? Ile sauti ya vikombe imetoka upande gani, na umejuaje?

Swali hilo la mwisho ndilo somo lenyewe. Mtoto anajua upande wa sauti kwa sababu sauti hufika sikio moja kabla ya jingine, kwa tofauti isiyofika hata elfu moja ya sekunde, na ubongo wake unaipiga hesabu hiyo bila yeye kuambiwa. Mfumbe macho, umzibe sikio moja, kisha ugonge vikombe tena uone atakavyobabaika. Mimi mwandika programu nakwambia, kuifanya kazi hiyo kwa maikrofoni mbili si mchezo. Wazee wetu walisema milango ya fahamu, na mlango si nyumba. Programu ile ilifundisha milango mitano ikasahau kwamba kuna mwenye nyumba ndani.

Kibaya zaidi, mengine yaliyomo si kweli. Kuna ile picha ya ulimi uliogawanywa kama shamba la urithi: utamu mbele, uchungu nyuma, chumvi na ukali pembeni. Mwaka 1901 Mjerumani mmoja, Hänig, alipima ulimi akakuta tofauti ndogo tu kati ya sehemu na sehemu. Waliokuja baadaye wakausoma mchoro wake vibaya, na ramani ikazaliwa. Zaidi ya miaka 100 imepita na bado tunaiuza kwa watoto, sasa ikiwa na rangi na muziki. Mtoto wa Kibokoni anaweza kuiangusha kwa chembe ya sukari na kipande cha ndimu. Na akila embe mbichi kwa chumvi na pilipili, mwulize: pilipili ni ladha? Si ladha. Ni mishipa ya maumivu na joto inayodanganywa na kemikali iliyomo. David Julius wa Marekani na wenzake waliupata mlango wake mwaka 1997, naye akapewa Nobeli 2021. Somo la Nobeli liko kwenye kijikaratasi cha embe nje ya lango la shule, kwa bei ya peremende, na sisi tunanunua vikatuni.

Halafu hiyo hesabu ya milango mitano. Wale vijana wanaojirusha majini karibu na Bandari ya Kale wakapinduka hewani na kuingia kwa miguu, wanatumia hisi ya mizani iliyomo ndani ya sikio, na hisi ya kujua kila kiungo kiko wapi bila kukitazama. Haimo kwenye tano zile.

Sasa mtaniambia, wewe fundi wa kompyuta unapinga kompyuta darasani? Hata kidogo. Nataka ifanye kazi inayoiweza. Tableti haina pua wala ulimi, lakini ina saa inayohesabu sehemu ndogo za sekunde, maikrofoni, kamera, na kitu kinachohisi mtikisiko. Ni chombo cha kupimia.

Mkitaka ushahidi nendeni Kitale, kaunti ya Trans Nzoia. Daktari wa macho Hillary Rono na wenzake walifanya utafiti katika shule 50 za msingi, matokeo yakatoka 2018 katika jarida la Lancet Global Health. Walimu wa kawaida walipewa simu zenye programu iitwayo Peek. Simu inaonyesha herufi E iliyogeuzwa huku na huku, mtoto anaonyesha kwa mkono imeelekea wapi, mwalimu anapangusa kioo kuelekea upande huohuo. Mzazi wa mtoto aliyekutwa na tatizo alipata picha ya kumwonyesha jinsi mwanawe anavyoona, na ujumbe mfupi wa kumkumbusha hospitali. Katika shule hizo asilimia 54 ya waliokutwa na tatizo walifika hospitali. Katika shule zilizotumia kadi ya ukutani na barua, ni asilimia 22 tu.

Mwalimu na simu, basi. Kwetu, mtoto asiyeona ubao anagusa picha ya jicho, anapata nyota tatu, anarudi kukaa nyuma, na mwisho wa muhula anaambiwa ni mzito.

Najua majibu. Walimu husema, nina watoto 60, nitawapimaje? Wasimamishe wote mstari mmoja, washikane mikono, wa kwanza aminye mkono wa jirani na mwalimu abonyeze saa, mnyo ufike hadi wa mwisho. Gawa muda kwa idadi ya watoto. Umepata muda wa kutoka mkono hadi ubongo na kurudi, na kadiri watoto wanavyozidi ndivyo kipimo kinavyokuwa kizuri. Tableti zimekufa betri? Simu moja yatosha. Hakuna simu? Mtoto aidake rula inayoangushwa: akiikamata kwenye sentimita 20, ametumia sehemu ya tano ya sekunde. Arudie huku akihesabu kinyumenyume kutoka 50, muone ubongo ukichelewa.

Kwa wenzangu waandika programu, mnaopeleka maudhui shuleni kwa mikataba minono: kipima-muda cha namna hii ni vitofali visivyofika kumi kwenye Scratch, programu ya bure iliyobuniwa MIT, hufanya kazi bila intaneti na menyu zake zinapatikana kwa Kiswahili. Nimeshakiunda, kazi ya nusu saa. Hakina ubongo unaokonyeza.

Mwalimu yeyote wa kisiwani anayetaka kukijaribu aniandikie, nitakuja siku ya Jumamosi. Aje na rula na watoto wake. Embe na ndimu nitapitia Marikiti mwenyewe.