Mpishi Aliyekuwa Winga



Wapenzi wasomaji, juma hili nimepokea barua kutoka Kiptere, kule Kericho kwenye nchi ya majani chai. Aliyeandika ni mama mwenzetu, mzaliwa wa Lamu, aliyemfuata mumewe huko miaka mingi iliyopita. Mwanawe, aliye kidato cha tatu, ni winga wa timu ya raga ya shule. Tangu alipoumia goti amebadilika. Kwa majuma mawili alikuwa halali ila kidogo. Akizungumza usiku kucha, akipanga safari na biashara zisizo na mwanzo wala mwisho. Kisha akazimika kama kibatari kilichokwisha mafuta: hali, haogi, na swala ya alfajiri humpita akiwa amejifunika gubigubi. Jirani wakimwulizia, mama husema ana malaria. Baba mtu ashikilia kuwa mchezo ndio uliomharibu. Wifi ataka kijana aletwe Pwani atolewe pepo. Mama auliza: afanye nini, na aibu hii aiweke wapi?

Kabla sijajibu, nitataja mtu ambaye wengi wenu mmemwona kwenye simu za watoto wenu. Dennis Ombachi ni yule mpishi mwenye misuli, asiye na maneno mengi, apikaye na kuonja, kisha akamaliza kwa neno lake moja: "Kimeumana." Mwaka 2022 mtandao wa TikTok ulimtunukia kuwa mbunifu bora wa Afrika kusini mwa Sahara. Wasiolijua wengi ni kuwa kabla ya sufuria alikuwa winga wa klabu ya Nondescripts ya Nairobi na wa timu ya taifa ya raga ya wachezaji saba kila upande.

Winga husimama ukingoni mwa uwanja. Katika raga haifai kuurusha mpira mbele kwa mkono. Hupitishwa kando au nyuma, mkono kwa mkono, hata umfikie yeye pembeni, naye atimue mbio kabla hajaangushwa. Novemba 2015, mjini Johannesburg, Kenya ilikutana na Zimbabwe katika fainali ya kutafuta nafasi ya Olimpiki. Mchezo ukielekea kwisha Kenya ilikuwa nyuma, ndipo Ombachi akafunga trai iliyoipa ushindi wa 21 kwa 17. Kwa ushindi huo Kenya ikaenda Rio mwaka 2016, raga iliporejea katika Olimpiki baada ya miaka 92.

Mtu huyo aliyeshangiliwa na taifa zima ana ugonjwa wa akili uitwao baipola. Majeraha nayo yalimwandama, na maisha ya uwanjani yakafikia kikomo. Angeweza kuficha. Badala yake amesimama hadharani, zaidi ya mara moja, akautaja ugonjwa kwa jina lake na akasema kuwa mtu anaweza kutibiwa na kuishi nao. Leo anafanya kazi, na watu wanakula kwa mapishi aliyowafunza.

Sasa nakujibu, dada yangu wa Kiptere. Mimi si daktari, wala sisemi kwamba mwanao ana maradhi hayo. Nasema dalili ulizoandika ni za kupelekwa hospitali, si za kusitiriwa kwa jina la malaria. Baipola humpandisha mtu, akakosa usingizi na kujiona hashindwi na lolote. Kisha humshusha hata asitake kuishi. Mara nyingi huanza katika ujana, umri huo huo wa mwanao. Hutibiwa kwa dawa, mazungumzo na mshauri, na usingizi wa kutosha. Na dawa haziachwi ghafla kwa sababu mgonjwa ameonekana kupona. Mpeleke hospitali, omba aonwe na mtaalamu wa afya ya akili, na umweleze yote, usiku wa kukesha na siku za kulala. Akitamka kwamba amechoka kuishi, usimwache peke yake hata kidogo. Mpeleke siku hiyo hiyo.

Mwambie baba mtu, kwa upole, kwamba goti huumia kwa mchezo, lakini maradhi haya huwapata hata wasiowahi kugusa mpira. Na wifi naye mwambie kuwa Mtume wetu (s.a.w.) alitufunza kutafuta dawa, dua na matibabu havigombani. Msomeeni kijana Qur'ani, na vidonge vyake anywe.

Ama aibu, sioni pa kuiweka kwa kuwa siioni. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kumsitiri mgonjwa ni kutomtangaza ovyo, si kumnyima tabibu. Mwanao sasa yuko pembeni kabisa, na mpira haumfikii mpaka walio karibu naye waupitishe: wewe, babake, mwalimu wake. Mtu mmoja tu akikunja mikono, utaanguka njiani.

Tuandikie ukisharudi hospitali. Mwenyezi Mungu amjaalie afya, na awape nyinyi wazazi subira na ujasiri. Amin.